Umeme katika kina cha ubongo: kibali cha 2009, jaribio la 2013, na maswali yaliyobaki

Mwezi Februari 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa chenye nyaya mbili na betri kipandikizwe katika miili ya watu wenye hali kali kabisa ya ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia. Miaka minne baadaye, jaribio kubwa lililotumia kifaa cha aina hiyo hiyo kutibu sonona sugu lilisitishwa kabla ya kukamilika, kwa kuwa hesabu zilizofanywa katikati ya safari zilionyesha kwamba kuliendeleza kusingeleta jibu lililotarajiwa. Anayesoma habari hizi mbili kwa haraka ataondoka na picha rahisi, kwamba tiba hii imethibitishwa kwa ugonjwa mmoja na imekataliwa kwa mwingine. Picha hiyo si sahihi kwa upande wowote. Kibali kile hakikuwa uthibitisho wa aina ambayo watu wengi hudhani, na kushindwa kule hakukuonyesha kwamba umeme haukufanya kitu katika ubongo wa wagonjwa. Ili kuona ni kwa nini, hatuna budi kuanza na kifaa chenyewe.

Tiba hii, ambayo hapa nitaiita usisimuaji wa kina wa ubongo, huanza kwa upasuaji. Kichwa cha mgonjwa hufungwa katika fremu ya chuma isiyosogea, kisha picha za MRI hutumiwa kukokotoa njia ya kufika mahali palipokusudiwa bila kugusa mishipa mikubwa ya damu. Daktari bingwa hutoboa tundu dogo katika fuvu, kwa kawaida kila upande, na kuingiza waya laini wenye unene wa takriban milimita 1.27 ambao nchani una elektrodi kadhaa, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme, mara nyingi nne. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati hatua hii inafanyika. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, na maneno yake juu ya anachokihisi humsaidia daktari kujua kama amefika. Baadaye, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, waya huunganishwa na mwingine unaopita chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kifaa chenye betri kinachofukiwa chini ya mtulinga. Kifaa hicho hutuma mapigo mafupi mno ya umeme, mara nyingi kama 130 kwa kila sekunde, mchana na usiku. Daktari hubadilisha nguvu ya mapigo, kasi yake, na elektrodi itakayotumika, kwa kutumia mashine iliyo nje ya mwili na bila kumpasua mgonjwa tena.

Kwamba umeme wa namna hii una faida kulionekana waziwazi mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Wakati huo, wagonjwa waliotetemeka bila kukoma na ambao dawa hazikuwafaa walitibiwa kwa kuunguza sehemu ndogo ya thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Kabla ya kuunguza, daktari alipima kwa umeme ili kuhakikisha yuko mahali sahihi. Alim-Louis Benabid, daktari wa upasuaji wa ubongo, aligundua kwamba umeme wa kasi kubwa ulisimamisha mtetemeko papo hapo, hata kabla ya kitu chochote kuunguzwa, na akajiuliza kwa nini asiache umeme huo ukiendelea. FDA iliidhinisha tiba hiyo kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza mwili, mwaka 2002. Kufikia mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba zaidi ya watu 160,000 duniani walikuwa wamepandikizwa kifaa hiki, wengi wao kwa magonjwa ya mwendo. Waliopandikizwa kwa ajili ya magonjwa ya akili ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo.

Mtu anaweza kuuliza mtetemeko wa mkono na huzuni isiyokwisha vina uhusiano gani. Jibu limo katika jinsi ubongo ulivyoungwa. Kutoka kwenye gamba la mbele la ubongo hushuka nyuzi za neva hadi kwenye viini vilivyo ndani kabisa, zikaendelea hadi kwenye thalamasi, kisha zikarudi kwenye gamba zilikotoka. Mizunguko hii iko mingi na huenda sambamba: mmoja hushughulika na mwendo wa mwili, mwingine na uamuzi, mwingine na hisia na thamani tunayoyapa mambo. Ikiwa mzunguko wa mwendo unaweza kukwama katika mdundo usiofaa, na umeme ukaukwamua, wanasayansi waliona kwamba inafaa kuuliza kama mizunguko jirani nayo hukwama hivyo.

Ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia ndio uliofanana zaidi na mzunguko uliokwama, na wasomaji wa pwani wanalo neno linalokaribia sana jambo hili. Mtu anayerudia udhu mara kumi kwa kuhofia kwamba maji hayakufika kiwikoni, au anayevunja sala na kuianza upya kwa kuwa hana hakika na nia yake, huambiwa ana wasiwasi. Na neno hilo tulilolipata kutoka Kiarabu ndilo hilo hilo ambalo madaktari wa nchi za Kiarabu hulitumia katika jina la ugonjwa wenyewe. Tunapoutaja wasiwasi katika mazungumzo ya kawaida, tunamaanisha hofu yoyote. Lakini katika maana yake ya zamani limo jambo ambalo madaktari wa akili walichukua muda mrefu kulieleza: mgonjwa anajua kwamba amekwisha kunawa, na kujua huko hakumsaidii. Mlango ameufunga na ameuona umefungwa, lakini ile hisia ya kwamba jambo limekamilika haimfikii. Kwa wachache ambao dawa na mafunzo ya kitabibu havikuwasaidia, hali hii humla mtu saa zote za siku, ikamfungia ndani, ikamnyang'anya kazi na ndoa.

Mwaka 1999, Bart Nuttin na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, waliandika juu ya wagonjwa wanne wa aina hiyo waliowekewa elektrodi katika sehemu ya mbele ya kapsula ya ndani, yaani njia kuu ya nyuzi za neva kati ya gamba la mbele na viini vya ndani. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwa miongo kadhaa, madaktari wachache walikuwa wakizikata au kuziunguza nyuzi hizo hizo kwa wagonjwa sugu, na baadhi yao walipata nafuu. Walichokifanya wa Leuven ni kuweka mahali pa kidonda kisichorudishika umeme unaoweza kuzimwa.

Tofauti hiyo kati ya kukata na kusisimua ina uzito ambao hauonekani mpaka mtu akumbuke yaliyotangulia. Mwaka 1935, Egas Moniz wa Lisbon alianza kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo wa wagonjwa wa akili, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Nchini Marekani, Walter Freeman aliieneza, na kuanzia mwaka 1946 aliifanya kwa kupenyeza chombo chenye ncha juu ya jicho, katika utaratibu wa dakika chache. Makumi ya maelfu ya watu walifanyiwa upasuaji wa namna hiyo, wengi wao bila ridhaa ya maana, na wengi walibaki wametulia kwa sababu utu wao ulikuwa umepunguzwa. Sioni haki kuitumia historia hiyo kuuhukumu usisimuaji wa leo kana kwamba ni kitu kimoja, kwa maana sivyo. Lakini yeyote anayeuliza kwa nini tafiti hizi hupitia kamati nyingi za maadili, kwa nini mgonjwa huhojiwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa, na kwa nini matokeo ya wagonjwa wanne au sita hayapaswi kupokelewa kwa vigelegele, jibu lake ni hilo. Moniz naye alianza na wagonjwa wachache waliosemekana wamepata nafuu.

Baada ya Leuven zilifuata tafiti zenye masharti makali zaidi. Nchini Ufaransa, Luc Mallet na wenzake waliweka elektrodi katika kiini kilicho chini ya thalamasi, mahali palipozoeleka kwa wagonjwa wa Parkinson, na mwaka 2008 wakatoa matokeo ya wagonjwa 16. Kila mmoja alipitia miezi mitatu ya umeme na miezi mitatu bila umeme, bila kuambiwa ni kipindi kipi. Kwa kipimo cha Yale-Brown, ambacho huenda kutoka 0 hadi 40, wastani wa ukali wa ugonjwa ulikuwa 19 umeme ulipokuwa ukitoka na 28 ulipokuwa umezimwa. Mgonjwa mmoja alivuja damu ndani ya ubongo na wawili walipata maambukizi. Mjini Amsterdam, Damiaan Denys na wenzake walieleza mwaka 2010 kwamba wagonjwa 9 kati ya 16 walikuwa wamepata nafuu ya kutosha. Matokeo haya yanatia moyo, lakini tukijumlisha wagonjwa wote wa tafiti hizo mbili hawajazi basi moja kubwa la abiria.

Hapo ndipo kibali cha 2009 kinapohitaji kueleweka vizuri. FDA haikukitoa kwa njia ya kawaida, ambayo humtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba kifaa ni salama na kwamba kinafanya kazi. Ilikitoa kwa njia ya msamaha wa kibinadamu, iliyowekwa kwa ajili ya vifaa vya magonjwa adimu, ambayo wakati huo ilihusu hali zinazowapata watu chini ya 4,000 kwa mwaka nchini Marekani. Katika njia hiyo mtengenezaji hudaiwa kuonyesha usalama na uwezekano wa faida tu. Ugonjwa wenyewe si adimu hata kidogo. Waliohesabiwa kuwa adimu ni wale ambao wameshajaribu kila kitu bila kufaulu. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lililoongozwa na Joseph Fins, na ambalo Helen Mayberg, mtafiti mkubwa wa tiba hii hii, alikuwa mmoja wao, lilikosoa uamuzi huo hadharani. Hoja yao ilikuwa kwamba kibali cha namna hiyo hufungua mlango wa matumizi kabla ya ushahidi, na kisha huondoa msukumo wa kuutafuta ushahidi wenyewe. Naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, na inapata nguvu zaidi kwa sababu ilitoka kwa watu wenye kila sababu ya kutaka tiba hii ienee.

Safari ya sonona ilianza mjini Toronto. Mayberg alikuwa ameona katika picha za ubongo kwamba sehemu ndogo iliyo chini ya sehemu ya mbele, inayojulikana kama eneo la 25, hufanya kazi kupita kiasi mtu anapokuwa katika huzuni nzito, na hutulia sonona inapopungua. Yeye na daktari wa upasuaji Andres Lozano waliweka elektrodi katika nyuzi zinazopita hapo, na mwaka 2005 wakaripoti juu ya wagonjwa sita, ambao wanne kati yao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita. Kilichowashangaza zaidi wasomaji wa ripoti ile kilitokea ndani ya chumba cha upasuaji. Umeme ulipofunguliwa, bila mgonjwa kuambiwa, baadhi walieleza utulivu wa ghafla, kutoweka kwa utupu waliokuwa nao, na rangi za vitu chumbani kuonekana kali zaidi. Hawa walikuwa watu ambao dawa nyingi, tiba ya mazungumzo, na hata tiba ya mshtuko wa umeme havikuwa vimewatoa walipokuwa.

Kwa hiyo kampuni za vifaa zikaingia. Medtronic iligharimia jaribio la wagonjwa 30 walioelekezewa umeme katika sehemu ya chini ya kapsula ya ndani, na St. Jude Medical ikagharimia jaribio lililopewa jina la BROADEN, lililolenga eneo la Mayberg na kuwa na wagonjwa 90. Wote walipandikizwa, lakini kwa kura baadhi walifunguliwa umeme na baadhi hawakufunguliwa, na si mgonjwa wala daktari aliyempima aliyejua nani yuko wapi. Matokeo yalikuwa mazito. Katika jaribio la kwanza, baada ya wiki 16, walionufaika walikuwa 3 kati ya 15 wenye umeme na 2 kati ya 14 wasio nao. Katika BROADEN, baada ya miezi sita, walionufaika walikuwa asilimia 20 kwa upande mmoja na asilimia 17 kwa upande wa pili. Hakuna mtakwimu atakayeiita hiyo tofauti.

Lakini wagonjwa wa BROADEN hawakuachwa hapo. Baada ya miezi sita ya upofu, yaani ya kutojua nani ana umeme na nani hana, wote walifunguliwa umeme na wakaendelea kufuatiliwa, na baada ya miaka miwili karibu nusu yao, asilimia 49, walikuwa wamefikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa wamenufaika. Kwa watu ambao sonona ilikuwa imewakalia kwa miaka mingi bila kulegea, hilo si jambo dogo. Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika, na mgawanyiko huo ni wa haki. Upande mmoja husema kwamba idadi ya mwaka wa pili haina kundi la kulinganishia, na kwamba mtu aliyepasuliwa kichwa, akafuatwa kwa karibu na madaktari wanaomjali, anaweza kupata nafuu kwa sababu ya matumaini na uangalizi huo, jambo ambalo hutokea katika kila tiba na ambalo huitwa plasebo. Upande wa pili hujibu kwamba plasebo kwa kawaida huja mapema na kufifia, ilhali nafuu hii ilikuja polepole na kuongezeka, kama kwamba umeme ulihitaji muda wa kuufunza upya ubongo. Wakiwa na haki hao wa pili, basi miezi sita ilikuwa kipimo kifupi mno, na jaribio liliuliza swali zuri kwa saa isiyofaa.

Mimi naelemea upande wa pili, kwa tahadhari, na sababu kubwa ni kazi iliyofanyika Uholanzi. Isidoor Bergfeld na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, waligeuza mpangilio. Waliwapandikiza wagonjwa 25, wakatumia hadi mwaka mzima wakitafuta mpangilio wa umeme unaomfaa kila mmoja, na baada ya hapo tu ndipo wakaanza kipindi cha upofu ambamo kifaa kiliwashwa au kuzimwa kwa siri. Kumi kati ya wale 25 walikuwa wamenufaika, na miongoni mwa 16 walioingia katika kipindi cha upofu, sonona ilikuwa nzito zaidi kwa uwazi umeme ulipozimwa. Mpangilio huu nao una udhaifu, kwa kuwa mtu aliyezoea umeme anaweza kuhisi umezimwa, na kuhisi huko peke yake kukamwangusha. Hata hivyo, ni vigumu kuusoma utafiti huu kisha kusema kwamba mapigo yale hayana kazi.

Sababu nyingine ya kushindwa ilikuwa shabaha. Katika miaka ya BROADEN, madaktari walilenga mahali kwenye ramani ya ubongo, kana kwamba nukta ile ndiyo iliyougua. Uchunguzi uliofuata, uliotumia picha zinazoonyesha njia za nyuzi za neva, uligundua kwamba walionufaika walikuwa wale ambao umeme wao uliangukia kwenye makutano ya mafungu manne ya nyuzi, na makutano hayo hayakai mahali pamoja kwa watu wote. Mwaka 2018 Patricio Riva-Posse, Mayberg na wenzao waliripoti kwamba walipomtafutia kila mgonjwa makutano yake kabla ya kumpasua, 9 kati ya 11 walikuwa wamenufaika baada ya mwaka. Kwa ugonjwa wa mawazo ya kujirudia, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba shabaha mbili zilizodhaniwa kuwa tofauti, ile ya kapsula na ile iliyo chini ya thalamasi, zilikuwa zikigusa njia moja ya nyuzi katika sehemu zake mbili. Naamini huu ndio ugunduzi wenye thamani kubwa kuliko yote katika uwanja huu, kwa maana umebadilisha swali lenyewe: linaloulizwa sasa ni waya umegusa njia gani.

Limebaki tatizo la kupima. Daktari anayeurekebisha umeme wa mgonjwa wa Parkinson huuona mkono ukitulia mbele yake, lakini anayemtibu mwenye sonona hutegemea maneno ya mgonjwa, na hajui kama wiki mbaya ni ugonjwa unaorudi au ni msiba wa kawaida wa maisha. Mwaka 2023, watafiti wa Marekani waliotumia vifaa vinavyoweza pia kusikiliza umeme wa ubongo wenyewe walieleza kuhusu wagonjwa 10, ambao 9 kati yao walinufaika baada ya wiki 24, na wakaonyesha kwamba mawimbi ya eneo lile hubadilika mtu anapopona. Kwa mgonjwa mmoja aliyeangushwa tena na sonona, ishara hiyo ilikuwa imegeuka wiki kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Idadi ni ndogo, na hakukuwa na kundi la kulinganishia, lakini kwa mara ya kwanza daktari alipata kitu cha kutazama mbali na maneno.

Hatari za tiba hii hazipaswi kupitwa kwa haraka. Uvujaji wa damu hutokea kwa wachache, lakini unaweza kumwacha mtu na kiharusi. Maambukizi yanaweza kulazimisha kifaa kizima kutolewa. Waya hukatika. Umeme wenyewe, hasa karibu na kiini cha akambensi kinachohusika na hamu na furaha, unaweza kumtia mtu katika uchangamfu uliopita kiasi, akakosa usingizi, akatumia fedha ovyo, akafanya maamuzi asiyoyatambua kuwa yake. Mara nyingi hali hiyo hutulia nguvu ya umeme inapopunguzwa. Wala umeme hauimalizi kazi. Wagonjwa wengi wa mawazo ya kujirudia hupata kwanza hofu iliyopungua, na ni baada ya hapo tu ndipo wanaweza kurudi kwenye yale mazoezi ya kitabibu ya kugusa kinachowatisha bila kunawa, mazoezi ambayo awali hawakuyamudu.

Sharti la kukubaliwa katika tafiti hizi ni kuwa tiba za kawaida zimejaribiwa kikamilifu na zimeshindwa. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako madaktari wa akili ni wachache na wenye ujuzi wa mazoezi hayo ni wachache zaidi, mara nyingi mgonjwa anayeitwa sugu hajawahi kupewa dawa ya kwanza kwa kipimo na muda unaotosha. Kwake huyo elektrodi si hatua inayofuata.

Mwaka 2024, Abbott, kampuni iliyoinunua St. Jude Medical, ilitangaza kuanza kwa jaribio jipya la sonona sugu nchini Marekani. Jibu lake litachukua miaka. Wakati huo huo, wapo waliopandikizwa katika majaribio yaliyokwisha kufungwa, na betri ya kifaa isiyochajiwa hudumu miaka michache tu, pengine chini ya hapo kwa wanaohitaji umeme mwingi. Inapoisha, kwa baadhi yao ugonjwa hurudi ndani ya siku au wiki, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine wenye gharama. Bima nyingi husita kulipia kifaa ambacho jaribio lake halikufaulu, kampuni haina tena utafiti wa kuugharimia, na mtu aliyekubali kupasuliwa ubongo ili wengine wapate kujua hubaki na barua za maombi mkononi, akihesabu miezi iliyosalia katika kifaa kilicho chini ya mtulinga wake.